Mabomba Kumi ya Udongo

Kambi ya Msituni, Chunyu
9 Februari 1999

Mume wangu Ildefonsi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kupanda huu mlima. Natumaini wewe ni mzima, na yule kuku mwekundu hajaliwa na kicheche.

Naandika haraka kwa sababu Salimu anaondoka na lori lake kesho, na barua hii itakuja pamoja na mzigo. Usishtuke ukiuona. Ni mabomba kumi ya plastiki, kila moja refu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, yamejaa udongo. Najua utasema Mnero hatujapungukiwa udongo.

Ngoja nikueleze. Nilikuja huku kupika, kama tulivyokubaliana. Lakini mtafiti wetu, Bwana Kaimu, yule wa chuo cha Morogoro, aliuona mwandiko wangu kwenye orodha ya vitu vya jikoni, akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia kidato cha nne. Siku hiyohiyo akanipa daftari na kipimajoto, na jikoni akaletwa mama mwingine. Sasa mimi ni mpimaji, mume wangu. Nimeandika neno hilo kwenye jalada la daftari na kila nikiliona nacheka peke yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Udongo wa msitu wa huku juu umezoea ubaridi. Wataalamu wanasema dunia inaongezeka joto mwaka hadi mwaka, na wanataka kujua vijidudu wanaoishi udongoni watafanya nini joto hilo likifika huku. Kungoja miaka hamsini hawawezi. Kwa hiyo tumekata udongo wa msituni kwa mabomba ishirini. Kumi tumeyafukia palepale, na kumi yanatakiwa yashushwe mahali penye joto zaidi, kwa mtu mwaminifu. Nikasema ninaye, ni mume wangu.

Yafukie chini ya ile mikorosho mitano ya nyuma ya jiko, midomo juu, usawa wa ardhi. Funika kwa majani yaliyo kwenye gunia. Kipimajoto kimo ndani ya soksi. Pima saa moja asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku, uandike. Usimwagilie, usipalilie, na kuku wasichakure.

La mwisho litakuuma. Mikorosho hiyo mitano usiipulize salfa mwaka huu. Salfa inaua ukungu, na humu ndani ukungu ndio wafanyakazi wenyewe. Korosho za miti hiyo tutazikosa, lakini kazi yangu yote imesimama juu ya mabomba hayo. Nakuomba.

Mkeo,
Goreti


Mnero
16 Februari 1999

Mke wangu Goreti,

Tumsifu. Mzigo umefika. Salimu aliushusha Jumapili, watu wanatoka kanisani, akapaza sauti kama ananadi mitumba: "Ildefonsi, shemeji amekutumia udongo!" Tangu siku hiyo naitwa Bwana Udongo. Hata katekista ameniita hivyo, tena kwa heshima.

Nimeyafukia kama ulivyosema. Leo asubuhi nyuzi ishirini na tano, alasiri thelathini na moja na nusu. Kuku nimewazungushia uzio. Mikorosho mitano bila salfa, Goreti! Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, utayalamba maua yote kabla hayajafunga. Babangu angekuwa hai angeniuliza kama nimelogwa. Lakini umeniomba, basi.

Sasa na mimi niulize. Ulikwenda kupika, leo ni mpimaji. Ulisema miezi mitatu, leo unanipa kazi ya mwaka. Na huyu Bwana Kaimu ni mtu wa umri gani? Mimi najua kaimu ni mtu anayekalia kiti cha mwenyewe akiwa hayupo. Hao waliompa jina hilo walikuwa na mpango gani? Usinijibu kwamba natania. Natania nusu tu.

Udongo huo una ajabu gani? Nimeunusa, unanuka kama majani mabichi baada ya mvua. Nyumba inanuka kwa kukukosa.

Mumeo,
Ildefonsi


Chunyu
27 Machi 1999

Mume wangu Ildefonsi,

Tumsifu Yesu Kristo. Daftari lako la joto limefika. Kaimu amelisifu mbele ya watu, anasema hajamwona mkulima anayesoma kipimajoto mpaka nusu nyuzi. Nilitembea siku nzima kichwa juu.

Umeuliza udongo una ajabu gani. Na mimi nilimuuliza Kaimu hivyohivyo. Akachota kijiko kimoja cha chai, akasema humu mna vijidudu wengi kuliko watu wote wa Tanzania. Nilidhani Kaimu ananidanganya, lakini ana hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu vidogo, na nimewaona kwa macho yangu. Ildefonsi, wanatembea! Wapo wa duara, wapo walio kama nyuzi za pamba iliyochambuliwa, hao ndio ukungu.

Kazi yao ni kula majani yaliyoanguka, na wakila wanapumua kama sisi. Udongo mzima unapumua. Hewa wanayotoa inapanda na kukaa angani kama blanketi, na blanketi likinenepa dunia inazidi joto. Anachoogopa Kaimu ni hiki: joto likiongezeka huenda watakula zaidi, wakila zaidi watapumua zaidi, na pumzi hiyo italeta joto jingine juu ya hili. Au huenda watazoea, watulie. Kwa misitu ya huku kwetu hakuna anayejua. Kaimu anasema jibu liko nyuma ya jiko letu.

Salimu amekuletea chupa kumi zenye chembe nyeupe. Kila tarehe mosi ya mwezi, fungua vifuniko, weka chupa moja juu ya udongo wa kila bomba, funika kwa kopo lililopinduliwa, kandamiza kingo. Kesho yake saa ileile funga chupa kwa nguvu, umpe Salimu. Zile chembe zinanasa pumzi na kuwa nzito. Kuzipima uzito na kuandika ni kazi yangu mimi peke yangu, kwa mzani mdogo ambao Kaimu hamruhusu mtu mwingine kuugusa.

Ana umri wa miaka thelathini na mitatu. Kaimu, nasema, kwa kuwa uliuliza.

Mkeo,
Goreti


Mnero
3 Mei 1999

Mke wangu Goreti,

Chupa za Mei hizo hapo, kumi, nimezifunga mpaka kiganja kinauma. Na za Aprili natumaini zilifika salama.

Habari za hapa. Mvua za mwisho zimeotesha viyoga ndani ya mabomba, vyeupe, vidogo kama vichwa vya pini. Bomba la tatu lina kumi na vinne. La nane halina hata kimoja, na juzi nimejikuta nalibembeleza. Sikuzani jirani alinikuta nimechuchumaa naongea na ardhi, akaenda kutangaza kwamba mke akikaa mbali mume anapungukiwa. Baadaye alinionea huruma akaniletea kisamvu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kaimu umemtaja mara saba. Mimi nimetajwa mara mbili, na moja ni ya kwenye salamu. Nimehesabu kwa sababu umenifundisha kuhesabu.

Goreti, nikuambie ninavyojisikia bila mzaha. Naona wivu. Si wa kugombana, ni wa kukaa tu. Unaandika kuhusu hadubini kama ulivyokuwa ukiongea tulipokuwa wachumba. Mimi sijakuonyesha kitu chochote kinachotembea ndani ya kijiko. Miaka saba tumekaa, mtoto hatujapata, na sijawahi kukuona ukiandika alama ya mshangao.

Uje Pasaka ijayo basi, kama hii umeipitisha huko.

Mumeo,
Ildefonsi


Chunyu
30 Mei 1999

Mume wangu Ildefonsi,

Katika barua hii sitamtaja yule mtu. Uhesabu vizuri.

Mabomba yako yanapumua karibu mara mbili ya haya ya mlimani! Aprili, Mei, miezi yote miwili. Nimepima chupa mara tatu kila moja nikidhani mzani umeharibika. Udongo uleule, majani yaleyale, tofauti ni joto la Mnero tu. Maana yake ile hofu niliyokuandikia huenda ni ya kweli. Mtu fulani hakulala kwa furaha, halafu kesho yake furaha ikamwisha, kwa sababu ukifikiri vizuri si habari njema kwa dunia.

Na ipo habari yangu. Chuo cha Morogoro kina nafasi ya cheti cha maabara ya udongo, miaka miwili, kuanzia Januari. Jina langu limependekezwa. Nitapewa kama vipimo vya mwaka mzima vitakuwa vizuri. Miezi hii sita iliyobaki ndiyo itakayoamua, mume wangu, nayo iko mikononi mwako kuliko mikononi mwangu.

Kuhusu kisamvu cha Sikuzani, mimi sijauliza kitu. Nimeandika tu kwamba nimeona umekitaja. Mwambie sufuria langu dogo alilochukua Desemba bado nalikumbuka.

Na kuhusu mtoto, nakuomba tusiandikiane. Jambo hilo linataka uso kwa uso.

Mkeo,
Goreti


Mnero
3 Agosti 1999

Goreti,

Miezi miwili hujaandika. Chupa za Julai nilikutumia, hukujibu hata kama zimefika.

Salimu kanisimulia. Amekuona barabara ya Ruangwa juu ya pikipiki, umevaa koti la mtaalamu wako, umeng'ang'ania mgongo wake kama mtoto. Salimu alikuwa anacheka akisimulia. Mimi nilicheka pia, ili asione.

Sasa naelewa kwa nini jambo la mtoto hutaki liandikwe. Kwangu miaka saba hukupata hata mmoja. Kwake, kijiko kimoja cha chai kina mamilioni.

Mikorosho nimepuliza. Chupa za Agosti hizo hapo.

Ildefonsi


Chunyu
5 Septemba 1999

Ildefonsi,

Barua yako nilikaa nayo mwezi mzima. Kila nilipoanza kujibu niliandika maneno ambayo mtu hawezi kuyarudisha, nikachoma karatasi. Mstari wako ule wa kijiko hukuuchoma wewe.

Nilikuwa naumwa malaria tangu katikati ya Juni. Ilipanda kichwani. Sikukuandikia kwa sababu ungeacha shamba na mabomba ukapanda baiskeli mpaka huku. Mwisho wa Julai nilizidiwa, nikapelekwa zahanati kwa pikipiki, nikitetemeka. Ndiyo sababu ya koti. Nilimng'ang'ania mgongo kwa sababu nisingemng'ang'ania ningeanguka. Huyo dereva wako hakukuambia kwamba nilitapika kwenye hilo koti.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa kazi.

Chupa zako za Agosti uzito wake umeshuka mpaka robo. Za Septemba zimefika jana, ni chini ya hapo. Mabomba yote kumi, kwa pamoja, ghafla. Joto ulilopima halijabadilika sana. Ya mlimani yanaendelea kama kawaida. Ulifuata kila hatua? Makopo uliyakandamiza? Kuna mtu aliyagusa? Nijibu upesi, maana mimi ndiye ninayeandika namba hizi na sina la kusema nikiulizwa.

Goreti


Mnero
14 Septemba 1999

Mke wangu Goreti,

Nisamehe. Mstari ule niliuandika nikiwa si mtu. Nilipojua kwamba ulikuwa unaumwa na mimi hapa nakuhesabia maneno, nilitoka nje nikakaa shambani mpaka jua likanichoma. Nimemwambia Salimu asinitolee habari zako tena, alete barua tu.

Kuhusu mabomba. Makopo nilikandamiza. Kuku hawakufika. Labda joto limewachosha vijidudu, kama ulivyosema mwanzoni kwamba huenda wangechoka. Mimi si mtaalamu.

Nimekutumia karanga na dawa ya mizizi kutoka kwa mama. Kula zote wewe mwenyewe.

Mumeo,
Ildefonsi


Chunyu
24 Oktoba 1999

Ildefonsi,

Nakuandikia usiku, usingizi umenikimbia, na safari hii si malaria.

Kwanza Kaimu alifurahi. Naam, nimemtaja, sina nguvu za kuchagua maneno leo. Aliona tumegundua jambo, kwamba vijidudu wakipata joto wanakimbia miezi michache halafu wanakufa. Akamwandikia profesa wake. Profesa akaja mwenyewe wiki iliyopita, mzee mwenye sauti ndogo. Alikaa na daftari langu asubuhi nzima. Akasema vijidudu hawafi hivyo, mabomba yote kumi kwa mwezi mmoja, kama waliopigiwa filimbi. Akauliza nani aliandika uzito. Nikasema mimi. Akauliza mabomba yako kwa nani. Nikasema kwangu.

Akasema hivi, mbele ya wote: "Mama, namba hizi zimepikwa, na mpishi unamjua."

Nilikuja huku kama mpishi, Ildefonsi. Unajua neno hilo lilinipata wapi.

Kaimu alinitetea mpaka sauti ikamkauka. Profesa amesema kama sababu haitajulikana mpaka tarehe kumi na tano Novemba, jina langu linaondolewa kwenye nafasi ya chuo, na vipimo vyangu vyote vinatupwa, vya Mnero na vya mlimani. Mwaka mzima. Na kokote nitakakoenda watasema ni yule mama aliyetunga namba.

Nakuuliza mara moja tu na sitakuuliza tena. Kulitokea nini nyuma ya jiko letu?

Goreti


Mnero
31 Oktoba 1999

Goreti,

Barua hii msomee Kaimu, msomee na profesa wake. Nimesaini kila ukurasa na nimeweka dole gumba, mtu asije akasema umeitunga wewe.

Salfa niliiweka mimi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe thelathini na moja Julai, alfajiri. Siku iliyotangulia Salimu alikuwa amenisimulia habari ya pikipiki. Niliwasha mashine, nikapuliza shamba lote, nikafika kwenye ile mikorosho mitano, sikuizima. Kama ningeishia hapo ningeweza kusema nilipitiwa. Lakini nilimaliza, nikaweka mashine chini, nikafungua mfuko, nikapita bomba kwa bomba. Kiganja kimoja cha salfa kila bomba. Nikachanganya kwa kijiti, nikarudisha majani juu. Nilijua ninachofanya, maana ulikuwa umenieleza mapema wafanyakazi ni akina nani na kinachowaua ni nini. Hakuna mtu mwingine Mnero nzima aliyekuwa anajua. Uliniamini, ukanipa kisu.

Usidhani nilikuwa namwaza Kaimu peke yake. Miezi mitano nilikuwa nikirudi shamba nawapitia vijidudu wako kabla sijaingia ndani. Vile viyoga nilivipenda. Ndipo nikaona kwamba ni mali ya mwanamume mwingine na mimi ndiye mchungaji wake, tena mchungaji hodari, na kila namba nzuri ninayoandika inakusogeza Morogoro. Nilikuwa nakusindikiza mwenyewe, nyuzi kwa nyuzi. Hapo ndipo wivu uliponipanda, Goreti, na nikaona afadhali wafe.

Tangu siku ile hakijaota kitu. Nikipindua kopo nanusa kiberiti. Septemba ulipouliza nilikudanganya, na uongo ule unanitia haya kuliko salfa, kwa sababu ile nilifanya kwa hasira na uongo niliufanya nimetulia, nakutumia na karanga.

Joto nililoandika ni la kweli, kila siku, mpaka leo. Chupa za Aprili, Mei, Juni na Julai ni za kweli. Profesa atume mtu achukue udongo wa bomba lolote aupime. Mke wangu hakupika kitu zaidi ya ugali.

Nenda chuo. Sisemi kwa moyo mweupe. Moyo wangu unamwonea wivu hata huyo profesa anayekukaripia, kwa kuwa yeye anakuona. Lakini usikose nafasi yako kwa sababu yangu.

Ildefonsi Alfred Mchopa


Chunyu
21 Novemba 1999

Ildefonsi,

Barua yako ilisomwa. Nilitaka kuisoma mwenyewe kwa sauti, nikafika kwenye kile kijiti, nikashindwa, Kaimu akamalizia. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniomba radhi. Aliniomba amesimama.

Unajua kwamba Kaimu alikuja Mnero kuchukua mabomba mawili. Aliporudi alisema ulimpa maji ya kunywa na kiti, na hukumtazama. Udongo wameupima kwa karatasi zao, umechachuka kama ndimu. Imeisha. Ile miezi minne ya mwanzo imekubaliwa, nayo inatosha kusema kwamba udongo wa mlima huu ukipelekwa kwenye joto unaongeza pumzi. Ya baadaye hakuna atakayejua. Labda wangechoka kweli, labda wangezidi. Tulikuwa karibu kujua. Kaimu anaanza upya, na mabomba mapya yanakwenda Nkowe kwa mtu mwingine. Aliniuliza kama Mnero panaweza kuaminiwa tena. Nilimjibu hapana.

Nafasi nimepewa. Naondoka tarehe tatu Januari.

Kaimu sasa anaandika kitabu chake cha chuo, na lazima aeleze kwa nini vipimo vya Mnero vinakatika Julai. Amesema hataki kukuaibisha. Ataandika kwamba upepo ulipeperusha salfa kutoka mashamba ya jirani. Profesa amekubali, kwa huruma tu. Nimeambiwa nikuulize kama unaridhika.

Mimi sijui kama nitapita nyumbani kabla ya safari. Siku nyingine nafunga mzigo kuja, siku nyingine naufungua. Ulipokuwa unahesabu nimemtaja nani mara ngapi, sikuwahi kukudanganya hata mara moja. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Goreti


Mnero
28 Novemba 1999

Mke wangu Goreti,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno la kurudi. Sijalipata, na sikulaumu.

Kuhusu upepo. Mwambie Bwana Kaimu namshukuru, ila fadhili yake siitaki. Alikunywa maji yangu, akanipa mkono, akaniita kaka, na baada ya kuondoka kwake sikula siku nzima. Nilitaka awe mtu mbaya. Usimwambie hilo, au mwambie, vyovyote utakavyoona.

Tena huo upepo ni uongo usiosimama. Kitabu kile siku moja kitasomwa na mtu wa Nachingwea au wa Ruangwa, naye atacheka, maana hakuna mkulima wa korosho anayewasha mashine ya salfa kukiwa na upepo. Asubuhi ile hata jani halikutikisika. Kazi yako uliifanya kwa ukweli, isimalizikie kwenye uongo wa kunifichia mimi aibu.

Aandike kwamba vipimo vya Mnero kuanzia Agosti viliharibiwa kwa makusudi na aliyekabidhiwa kuvitunza, kwa wivu. Aandike majina yangu yote matatu, asifupishe. Na baada ya jina aandike kwamba mtu huyo ni mume wa Goreti.

Hilo la mwisho akuulize wewe kwanza.

Ildefonsi